Kamera Tumboni: Endoskopi Hufanywaje, na Ni Nani Hafai Kungoja?

Kila mtaa uko na msee anayesema ana vidonda vya tumbo na hajawahi kupimwa hata siku moja. Tumbo likichoma anakimbia kemisti, anapewa dawa, anatulia. Wiki ijayo, stori ni ile ile. Kumbe kidonda huwezi kukijua kwa kukisia. Lazima mtu aangalie ndani, na hapo ndipo endoskopi inaingia.

Ni nini hasa?
Ni mrija mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera kwenye ncha. Unapitia mdomoni, unashuka koo la chakula hadi tumboni. Hupasuliwi, hushonwi.

Inaendaje?
Unakaa bila kula kwa saa 6 hadi 8. Koo linapulizwa dawa ya ganzi, ama unadungwa sindano ya kukutuliza. Unalalia ubavu wa kushoto, kisha kazi inaisha kwa kama dakika 10 au 20. Utahisi kutapika kidogo, lakini kupumua ni sawa tu, maana mrija hauzibi njia ya hewa. Daktari akikata kipande kidogo cha nyama ya kupima, hata huskii. Ukidungwa sindano, enda na mtu wa kukurudisha keja, na usiendeshe gari wala nduthi siku hiyo.

Si pilipili tu
Zamani madaktari walilaumu stress na pilipili. Mwaka wa 1984, Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria wa Helicobacter pylori makusudi. Akaugua, na endoskopi ikaonyesha tumbo lake limevimba. Mwaka wa 2005, yeye na Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel. Bakteria huyo hutibiwa kwa antibiotiki, na anaweza kupimwa hata kwa choo, kwa hivyo si kila mtu anahitaji kamera.

Nani asingoje?
Ukitapika damu, ukienda choo cheusi kama lami, ukikonda bila sababu ama chakula kikikwama kooni, enda hosi mapema. Saratani ya koo la chakula ni noma Kenya, na hospitali ya Tenwek huko Bomet imewahi kuona wagonjwa wa chini ya miaka 30. Wengi huanza kwa kukwamwa na ugali, wakahamia uji, wakanyamaza. Ikifika hata maji hayapiti, ugonjwa umeshakula sana.

Kabla uende, uliza bei na kama bima yako inalipa. Ugali ukianza kukwama, usibadilishe chakula. Tafuta daktari.