1973: Mwaka Mmoja, Barabara Mbili

Ukipanda gari la Nairobi kwenda Arusha, kuna kitu utakiona baada ya kuvuka Namanga. Dereva ni yule yule, gari ni lile lile, lakini mguu wake umebadilika. Kutoka Kajiado amekuwa akikanyaga mafuta kama mtu anayefuatwa na deni. Upande wa pili, akiona kibao cha 50 kwenye kijiji chochote, hata kama ni maduka matatu na mbuzi, anashuka mpaka 50. Si 65 ya kujidai. 50 kamili. Nilimuuliza mmoja, "Mzee, kwani huku kuna nini?" Akanijibu neno moja: "Tochi."

Tochi ndiyo ile mashine ya trafiki ya kupima mwendo. Ukipatikana, faini ni shilingi 30,000 za Tanzania kwa kosa, na unapewa namba ya kulipia serikalini. Si lazima ukutane na mkono wa mtu dirishani. Sasa wasee wengi wakiona hivyo wanasema Watanzania ni wapole na sisi ni wakora, mambo imeisha. Hiyo ni hadithi ya uvivu. Tofauti ina historia, na mwaka wake naujua: 1973. (Ndio, niliacha chuo. Kusoma sikuacha.)

Kabla ya hapo, Kenya ilikuwa na Sheria ya Trafiki iliyoanza kutumika Januari 1, 1954, wakati wa mkoloni, Hali ya Hatari ikiendelea. Biashara ya kubeba abiria ilikuwa ya mabasi yenye leseni. Lakini watu wa Nairobi wa mitaa ya chini walikuwa wanabebwa na magari chakavu kwa senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi kumi. Kwa Kikuyu, mang'otore matatu. Jina likashika. Polisi walikuwa wanayafukuza hayo magari kama wezi, kwa sababu kisheria hayakuwa na ruhusa ya kubeba mtu.

Halafu 1973 Mzee Kenyatta akatoa amri: matatu ziruhusiwe kubeba abiria bila ile leseni. Fikiria vizuri hiyo kitu. Si kwamba Bunge lilikaa likaandika kanuni za matatu kisha matatu zikaanza. Rais alisema, na magari yakaingia barabarani. Kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa habari njema sana, na mimi siwezi kuicheka, maana bila amri ile nyanya zetu wangepiga mguu. Lakini sheria iliyoitambua matatu kama gari la abiria ilikuja 1984. Miaka kumi na moja! Kizazi kizima cha madereva na makanga kilijifunza kazi kwenye hiyo nafasi, na tabia ikishakomaa miaka kumi na moja, notisi ya serikali haiing'oi kwa siku moja.

Mwaka huo huo wa 1973, Tanzania ilikuwa inafanya kinyume. Bunge lao lilipitisha Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo mpaka leo, na marekebisho yake, ndiyo trafiki wa Arusha anayoitumia. Ilikuwa enzi ya Ujamaa. Kubeba abiria mjini ilikuwa kazi ya serikali, na 1974 ikaundwa UDA, Usafiri Dar es Salaam. Mtu binafsi akibeba abiria Dar, anabeba kwa kujificha. Mabasi ya serikali yakapungua, watu wakazidi, na 1983 wakasalimu amri na kuruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu iliyoitwa dala, ndio tukapata daladala. Kwa hivyo huku na kule, gari la mwananchi limeitwa jina la nauli yake. Bado hilo hunifurahisha.

Na wakati huo hatukuwa hata tunatembeleana. Mpaka ulifungwa 1977 jumuiya ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983. Ile Namanga ya leo ambapo unagongewa pasipoti za nchi zote mbili kwa jengo moja ilizinduliwa rasmi 2018 tu.

Kwa ufupi: Kenya ilianza na gari, sheria ikalifuata nyuma ikihema. Tanzania ilianza na sheria, gari likaja baadaye. Hiyo inaeleza kwa nini kwetu usalama huja kama msako. Februari 2004 waziri John Michuki alileta kanuni zake: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda kila kiti, abiria 14 na si mmoja zaidi, mstari wa manjano, yunifomu. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwenda kazini, na kweli kwa muda barabara zikatulia. Kisha Michuki akahamishwa wizara, na mikanda ikageuka kamba za kupanguzia vumbi. Novemba 2018 serikali ikazifufua kanuni zile zile, mwezi mmoja baada ya basi kuua zaidi ya watu 50 pale Fort Ternan. Sheria ambayo inahitaji kufufuliwa ina maana ilikuwa imekufa, na hakuna aliyetangaza matanga.

Usiku ni hivyo hivyo. Tanzania walipiga marufuku mabasi kusafiri usiku miaka ya mwanzo ya 1990, kwa ajili ya ajali na utekaji, na wakaishi hivyo karibu miaka thelathini, mpaka Oktoba 2023 yaliporuhusiwa saa 24. Sisi, Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa, hapa hapa kwetu Nakuru kwenye barabara ya Eldoret, watu 36 wakafa. Safari za usiku zikapigwa marufuku papo hapo. Marufuku haikukaa, na Januari 2018 Rais akaiondoa NTSA barabarani.

Hapa ndipo ungetarajia niseme hamia Tanzania. Lakini cheki takwimu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2016 Kenya ilipoteza karibu watu 28 kwa kila laki moja barabarani. Tanzania? Karibu 29. Tochi zote zile, marufuku ya usiku yote ile, na bado tuko bega kwa bega.

Maoni yangu ni kwamba historia mbili zimekutana kwa hesabu. Dereva wa daladala na dereva wa matatu wote wana mwenye gari anayesubiri hesabu jioni. Hakuna mshahara wa kueleweka. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chako. Tochi inamfanya apunguze mwendo kijijini, halafu anaulipiza akishatoka kijijini. Hata ile marufuku ya usiku ilikuwa na ubaya wake: basi la safari ndefu lililotoka alfajiri lilikuwa linakimbizana na saa.

Ukisafiri, funga mkanda pande zote mbili, hata ukichekwa, na bodaboda asiye na helmeti ya pili muache aende.

Huku Subukia mimi huangalia gari za kutoka Nyahururu zikishuka ule mteremko kuja bondeni. Kona zimefuatana, malori yamebeba viazi na kabichi, na ukungu asubuhi huwezi kuona bampa ya mwenzako. Oktoba, mahujaji wakija kwa hija ya Mama Maria, mabasi ya wageni hujaa, na dereva ambaye hajawahi kuuona mteremko huu anakutana nao kwa mara ya kwanza akiwa na watu sitini mgongoni. Juzi nilihesabu matatu kumi na mbili za Nakuru zikipita stejini. Abiria waliokuwa wamefunga mkanda, kwa zile nilizoweza kuona ndani, walikuwa wawili. Wote wamekaa mbele na dereva, pale karao anapoona.