Vigezo vya Kuchagua Programu ya Kurekodi na Kuchanganya Muziki Nyumbani

Wimbo mmoja wa bongo fleva, taarab au kwaya hujengwa kwa tabaka nyingi: ngoma, besi, kinanda, gitaa, sauti ya mwimbaji na za waitikiaji. Kila tabaka huwekwa katika njia yake, kisha zote hupangwa na kuchanganywa ziwe wimbo mmoja. Mwaka 1967 bendi ya The Beatles ya Uingereza ilitoa albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyorekodiwa kwa mashine za utepe zenye njia nne tu. Leo hata programu za bure za kompyuta huzidi idadi hiyo. Kwa hiyo, msanii anayejirekodi nyumbani hana budi kuzingatia mambo mengine: aina ya kazi, uwezo wa kompyuta, uhalali wa leseni na usalama wa kazi yake kwa miaka ijayo.

Aina ya kazi

Programu hizi hazikubuniwa kwa lengo moja. Audacity, iliyotolewa kwa umma mwaka 2000, hupatikana bure na hufaa kurekodi na kuhariri sauti, lakini haikukusudiwa kutungia midundo. LMMS, ambayo nayo ni ya bure, hutungia midundo vizuri, ila toleo lake la 1.2 halirekodi sauti ya mwimbaji moja kwa moja. FL Studio, iliyoanza mwaka 1997 nchini Ubelgiji kwa jina la FruityLoops, inajulikana sana miongoni mwa watayarishaji wa midundo. Kwa wenye kurekodi waimbaji na ala nyingi, Ardour na REAPER zimejengwa mahususi kwa kazi ya njia nyingi. GarageBand hutolewa bure, lakini hutumika katika vifaa vya Apple pekee.

Uwezo wa kompyuta

Sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha biti 24 na hezi 48,000 huchukua takribani megabaiti 8.6 kwa dakika katika kila njia. Wimbo wa dakika nne wenye njia 20 utahitaji takribani megabaiti 690, kabla ya kuhesabu marudio yaliyoachwa. Hivyo, nafasi ya diski ni jambo la kupimwa mapema.

Aidha, mwimbaji anayerekodi juu ya mdundo anaweza kusikia sauti yake ikichelewa kurudi masikioni, hali inayomtoa kwenye mapigo. Kwa kompyuta za Windows, tatizo hilo hupunguzwa kwa kutumia programu-endeshi ya ASIO, mfumo uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, au kwa kununua kifaa cha nje cha kuingizia sauti. Mara nyingi fedha zilizotumika kununua maikrofoni nzuri na kifaa hicho huleta manufaa makubwa kuliko programu ya gharama.

Gharama na uhalali

Bei peke yake haitoshi kumwongoza mnunuzi. Masharti nayo yasomwe. REAPER hutoa siku 60 za majaribio ikiwa na uwezo wake wote, na leseni ya mtu binafsi huuzwa kwa dola 60 za Marekani. Toleo la majaribio la FL Studio huruhusu kuhifadhi kazi, lakini kazi hiyo haifunguki tena kikamilifu mpaka leseni inunuliwe. Asiyelijua sharti hilo anaweza kufanya kazi ya wiki nzima na kujikuta hawezi kuiendeleza.

Wapo wanaokimbilia nakala zilizovunjwa ulinzi. Nakala hizo mara nyingi hubeba virusi vinavyoweza kuharibu mafaili yote ya msanii. Zaidi ya hayo, nchini Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hulinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo. Msanii anayedai haki ya wimbo wake hudhoofisha hoja yake anapotumia jasho la mwingine bila idhini, ilhali programu halali za bure zipo.

Usalama wa kazi

Faili la mradi la programu moja kwa kawaida halifunguki katika programu nyingine. Msanii akibadili kompyuta, au studio kubwa ikitaka kuuchanganya upya wimbo wake, faili hilo pekee halitamsaidia. Dawa yake ni kutoa kila njia kama faili la WAV linalojitegemea, yote yakianzia sekunde ya sifuri, na kuyahifadhi katika diski ya nje pamoja na maelezo ya kasi ya mapigo. Mafaili hayo yatapangika sawasawa katika programu yoyote ya njia nyingi.

Hivyo basi, kabla ya kulipa, inafaa kuchukua wimbo mmoja mfupi na kuupitisha hatua zote: kurekodi sauti mbili juu ya mdundo, kuzichanganya, kufunga programu, kuifungua tena na kutoa njia zote kwa WAV. Programu itakayotimiza hatua hizo bila kukwama katika kompyuta iliyopo ndiyo inayofaa, hata kama jina lake si maarufu.