Mtaji kwenye bao

Mtaji, kwa mwenye duka katika wadi ya Wabera mjini Isiolo, ni pesa za kuanzia biashara. Kwenye bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni hatua inayofuata namua. Katika namua kila mchezaji hutia kete moja moja kati ya 22 alizoshika mkononi. Zikiisha, huchezwa zilizo ubaoni tu, na huo ndio mtaji. Neno hilohilo hutaja nafasi ya kula kete za mpinzani, na asiyeipata hutakata, yaani husambaza kete bila kula. Bao la kujifunza limepunguza kanuni: kila shimo huwekwa kete mbili, nyumba, yaani shimo lenye kanuni zake maalumu, haipo, na mchezo huanzia mtaji. Mgeni aanze na hilo. Namua ndiyo inayotatiza.