Jalada Moja la Wafiadini

Mwaka 1968 kiwanda cha uchapaji cha Lavigerie mjini Bujumbura kilitoa kitabu cha padre mmoja Mrundi, Michel Kayoya, kiitwacho *Sur les traces de mon père*. Padre alimwandika baba yake, malezi ya Kirundi, ujio wa Wazungu na Injili, akitafuta jinsi mtu awezavyo kuwa Mkristo bila kuwakana wazee wake. Miaka minne baadaye hakuwepo tena.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia Bujumbura na miji ya kusini, kandokando ya Ziwa Tanganyika, wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ililipiza kwa kuwasaka Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi, mapadre. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Kayoya, Mhutu, aliuawa mwezi Mei karibu na Gitega, akazikwa katika kaburi la halaiki. Inasimuliwa kwamba alikwenda kufa akiimba utenzi wa Bikira Maria. Kwa miaka mingi familia za waliouawa hazikuthubutu hata kuwalilia hadharani, na kilio kilichozuiwa kiligeuka kuwa hesabu ambayo kila upande uliiweka moyoni kwa ajili ya siku ya kulipizana.

Siku hiyo ilifika Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Bujumbura ikakatwa vipande. Kamenge na Kinama zikabaki za Wahutu, Ngagara na Musaga za Watutsi, na kijana aliyekosea njia aliweza kuuawa kabla hajauliza mtu amwelekeze. Hata Bwiza na Buyenzi, mitaa ya Waswahili iliyozoea kuchanganya watu wa kila asili, ilifikiwa Machi 1995, na maelfu wakavuka mpaka kuelekea Uvira. Lazima jambo moja lisemwe bila kufichwa: Burundi ilikuwa tayari nchi ya Wakristo, Wakatoliki wakiwa wengi kuliko wote. Wengi wa waliouana walikuwa wamebatizwa, na baadhi yao walikuwa wamepokea ekaristi katika kanisa moja.

Ndiyo maana kilichotokea Buta kina uzito wa pekee. Buta ni seminari ndogo katika jimbo la Bururi, kusini mwa nchi. Wakati wa vita vilivyofuata kifo cha Ndadaye, padre mkuu wa seminari, Zacharie Bukuru, aliwaacha wanafunzi wazungumze waziwazi juu ya ukabila, hofu zao na ndugu zao waliouawa, kisha akawarudisha mezani, viwanjani na kanisani wakiwa pamoja. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia katika bweni la wanafunzi wakubwa wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Vijana wakakataa. Waasi wakafyatua risasi na kurusha maguruneti. Wanafunzi 40 walikufa, Wahutu kwa Watutsi. Walionusurika walisimulia kwamba wenzao walikufa wakishikana na kuwaombea msamaha wauaji. Wamezikwa hapo hapo seminarini.

Mwaka 2019 maaskofu wa Burundi walifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri watu waliowaita wafiadini wa undugu. Katika jalada hilo moja wamo vijana 40 wa Buta waliouawa na waasi wa Kihutu, na yumo Kayoya aliyeuawa na utawala ulioshikwa na Watutsi. Wamo pia wamisionari wa Kiitalia wa shirika la Xaveri, mapadre Ottorino Maule na Aldo Marchiol pamoja na mlei Catina Gubert, waliouawa Buyengero tarehe 30 Septemba 1995. Katika nchi ambayo kila kundi limezoea kuhesabu maiti zake na kusahau za jirani, kuwaandika wafu wa 1972 na wa 1997 katika karatasi zile zile ni tendo la ujasiri kuliko hotuba nyingi za maridhiano.

Lakini jalada hilo linabeba swali gumu la kitaalimungu. Kwa desturi ya Kanisa, mfiadini ni yule aliyeuawa kwa sababu muuaji aliichukia imani yake. Waasi wa Buta hawakuuliza nani anamwamini Kristo. Waliuliza kabila. Je, aliyekufa kwa kukataa kujibu swali hilo amekufa kwa ajili ya imani? Hoja ya Warundi ni kwamba vijana wale walijifunza kwa Kristo kumwona mwenzao kuwa ndugu, hivyo kumtenga kungekuwa kumkana Kristo mwenyewe. Hapa mateso hayaelezwi kuwa adhabu wala jaribu lililotumwa na Mungu. Mauaji yanabaki kuwa uovu. Maana inapatikana katika kile ambacho vijana walikataa kukiachia walipotishwa.

Hoja hiyo imepata mwenza wa karibu. Mwaka 2007 Floribert Bwana Chui, ofisa wa ukaguzi wa bidhaa mjini Goma, alikataa rushwa ili mchele ulioharibika uruhusiwe kuingia sokoni. Alitekwa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Hakuna aliyemtaka aikane imani, ila alitakiwa apokee fedha na anyamaze. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma, kama mfiadini. Ikiwa kulinda afya ya watu wasiojulikana ambao wangekula mchele ule kumekubaliwa kuwa ushuhuda wa imani, ni vigumu kuona kwa nini kumlinda mwanafunzi mwenzako aliyesimama kando yako bwenini kusikubaliwe.