Mbiru: Wanawake wa Upare walivyombana DC wa Mwingereza

Ukipita Same leo kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, unaona stendi, maduka na milima ya Upare kwa nyuma. Lakini miaka ya 1940 mji huu mdogo, makao makuu ya wilaya nzima ya Upare, ulijaa maelfu ya watu waliogoma kutoka hapo. Kisa ni kodi iliyoitwa mbiru.

Mbiru ilikuwa nini?

Jina lilichukuliwa kwenye ushuru wa kimila wa Wapare, ila kodi yenyewe ilikuwa mpya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza na watemi wa Upare waliamua kwamba kila mtu alipe kulingana na mali yake, juu ya kodi ya kichwa iliyokuwepo tayari.

Kwa maneno inasikika kama haki: mwenye nacho alipe zaidi. Shida ilikuwa kwenye makadirio. Nani anahesabu ng'ombe, mbuzi na mibuni ya mtu? Na anakadiria kwa kipimo gani? Wananchi waliona ni uonevu na mwanya wa upendeleo. Hawakukataa kulipa kodi. Walichotaka ni kiwango kimoja kinachojulikana.

Wanaume washuka Same

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani na kupiga kambi Same. Siku zikageuka wiki, wiki zikawa miezi. Huko nyumbani mashamba, mifugo na watoto vyote vikabaki mikononi mwa wanawake.

Wanawake waingia

Hapa ndipo wakoloni walipopigwa na butwaa. Kodi ilidaiwa kwa wanaume, na mikutano ya watemi ilikuwa ya wanaume. Hakuna aliyetarajia wake zao wangeingilia.

DC alipopanda Usangi, wanawake walijikusanya na kumpa sharti moja: amalize suala la kodi waume zao warudi nyumbani, au basi yeye mwenyewe awape mimba wote. Kwa mila, mwanamke kumwambia mkubwa maneno kama hayo hadharani ni kumvua heshima. Hawakupata jibu la maana, na msafara wa serikali ukapigwa mawe.

Hawakuishia hapo. Wanawake wapatao 500 walifunga safari na wanaume kutoka Usangi hadi Same, karibu kilomita 40 kwa miguu, kwenda kudai majibu.

Mwisho wake

Serikali ilisalimu amri. Kodi ya makadirio ikafutwa, na Wapare wakarudi kwenye kodi ya kiwango kimoja.

Habari hizi zilihifadhiwa na Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kitabu chake kuhusu Mbiru kilitoka mwaka 1971.

Leo Usangi ipo wilaya ya Mwanga, iliyomegwa kutoka wilaya ya Upare mwaka 1979. Kama una bibi au babu wa huko, muulize habari za mbiru. Huenda aliyetembea hadi Same alikuwa mama yake.