Njia ya Dongo Kundu

Jamaa kadhaa, wa Muscat na wa Leicester, wameniuliza swali moja: je, ni kweli mtu akishuka uwanja wa ndege Mombasa sasa aweza kwenda Kwale asipande feri? Ni kweli. Nawaandikia habari yake, kwani vijana wetu waliozaliwa huku ugenini hawaijui Likoni ila kwa hadithi za wazee.

Mombasa ni kisiwa. Mwingereza alipoanza kutandika reli yake mwezi Mei 1896, aliielekeza bara, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Upande wa kaskazini tulipata daraja la Nyali, kwanza la kuelea mwaka 1931, kisha la saruji mwaka 1980. Kusini tulipewa feri, tangu 1937. Basi mzigo wa Uganda ulikuwa na njia yake, na mtu wa Likoni mwenye kapu la ndizi akangoja.

Nani kati yetu hakukaa kwenye foleni ile? Mimi nilifika maziko ya shangazi yangu, Tiwi, udongo umeshatiwa na watu wanasoma dua. Hayo yangu ni madogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka, wakafa watu 272.

Hata hivyo, ujenzi ulianza tena upande wa mizigo. Mwaka 2016 ilifunguliwa gati mpya ya makontena Kipevu, mwaka 2017 reli mpya kutoka Miritini hadi Nairobi, na Juni 2018 kipande cha kwanza cha barabara kikaziunganisha Kipevu na Miritini. Lori, meli na behewa vikawa jirani. Lakini serikali ikaamuru makontena ya bara yapakiwe garimoshi moja kwa moja, yakatolewe ushuru katika bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Hapo mji wetu uliumia. Wenye malori, matingo, mawakala wa forodha, mama wauza chakula wa Changamwe na Miritini, wote walitegemea kontena lile lile. Katika ukoo wetu wapo waliouza malori kwa bei ya kutupa. Mwaka 2019 watu waliandamana barabarani, na Septemba 2022 Rais Ruto, siku aliyoapishwa, alirudisha kazi ya kutoa mizigo Mombasa. Malori yaliyouzwa hayakurudi.

Kusini kulikuja mwisho. Barabara ilivuka mikoko ya Mwache kwa daraja, ikavuka tena Mteza kwa daraja la mita 1,440 hivi, ikapita Dongo Kundu (yaani udongo mwekundu, enyi vijana), ikatokea Kibundani kwenye njia ya Lunga Lunga. Fedha nyingi zilikuwa mkopo wa Japani. Mwaka 2024 magari yakawa yanapita moja kwa moja, na lori la Tanga halina haja tena ya kuingia kisiwani.

Feri ingalipo. Mtu wa miguu wa Likoni anayefanya kazi mjini huipanda kila alfajiri, kwani kuzungukia Miritini si njia yake.

Mimi nilipita juu ya Mteza safari yangu ya mwisho, nikielekea Tiwi kuzuru kaburi. Binamu yangu alinikuta mlangoni akashtuka, “Ushafika? Hata chai sijainjika!”