Mashine ya mkate ilitoka Osaka bila kuujua Mlima Kenya

Leo tuziache simu na kompyuta kidogo tuingie jikoni. Nataka tuzungumze kuhusu mashine ya mkate, kile kisanduku cha umeme unachotia maji, unga, hamira, chumvi na sukari, ukabonyeza kitufe, na baada ya saa tatu au nne ukatoa mkate uliokwisha kuokwa. Usicheke! Ndani yake mna chipu, na ndani ya chipu mna programu. Programu hiyo ina historia, na historia yenyewe inaeleza kwa nini mkate wa mashine huweza kubonyea katikati ukiokwa Nyeri au Nanyuki, hata kama umefuata kitabu cha maelekezo neno kwa neno.

Wazo la kumkabidhi mtambo kazi ya kukanda ni la zamani. Joseph Lee, Mmarekani mweusi aliyekuwa na hoteli na migahawa upande wa Boston, alipata hataza ya mashine ya kukanda unga mwaka 1894. Ila hiyo ilikanda tu. Kuunganisha kukanda, kuumua na kuoka ndani ya chombo kimoja cha nyumbani ni kazi ya Wajapani wa miaka ya 1980, na hapa ndipo sisi watu wa programu tunapopaswa kufungua masikio.

Kampuni ya Matsushita ya Osaka (ile iliyobadili jina na kuwa Panasonic mwaka 2008) ilihangaika sana. Mikate ya majaribio ilitoka ganda limeungua na ndani bado mbichi. Wahandisi wakapiga hata picha za eksirei, donge la mashine kando ya donge la mwokaji, wasione kitu. Ndipo mtengenezaji wa programu mmoja, Ikuko Tanaka, akatoa wazo ambalo mabosi wengi wangelikataa: aende kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, hoteli iliyosifika mjini kwa mkate wake. Akajifunza kwa mikono yake. Siku moja akagundua kwamba yule mwokaji haunyooshi unga tu, bali huusokota papo hapo. Akarudi kwa wahandisi, wakaongeza matuta maalum ndani ya mashine ili unga usokoteke vile vile. Home Bakery ikaingia madukani Japani mwaka 1987 na kuuzwa zaidi ya laki tano mwaka wa kwanza. Kisa hiki kilienea duniani baada ya Ikujiro Nonaka kukiandika mwaka 1991, na tena mwaka 1995 katika kitabu alichoandika pamoja na Hirotaka Takeuchi.

Kuna jambo jingine waliloshughulikia ambalo halitajwi sana: joto. Unga ukipata joto kali, hamira hukimbia kabla ya wakati. Wakabuni njia ya kuiweka hamira pembeni na kuidondosha baadaye, kukanda kukiwa kumeshaanza. Kwa hiyo kiangazi cha Osaka kilifikiriwa. Lakini Osaka iko kando ya bahari.

Sasa tupande mlima. Sisi wa huku mkate ni mgeni, na lugha yenyewe inashuhudia: Kikuyu husema mũgate, neno lililotoka kwa mkate wa Kiswahili. Chai ilikwenda na nduma au ngwacĩ. Wamisionari wa Consolata waliofika Tuthu mwaka 1902 na kisha kuweka makao Nyeri, walowezi, na hoteli kama Outspan iliyofunguliwa 1928, hao ndio walioutaka mkate kila asubuhi. Leo ni chakula cha kila mtu, kiasi kwamba pendekezo la kuutoza VAT ya asilimia 16 katika Mswada wa Fedha wa 2024 lilizua kelele kubwa hadi likaondolewa mwezi Juni.

Mji wa Nyeri uko mita kama 1,750 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki ni karibu 1,950. Huku shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kulinganisha na Mombasa, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Gesi ya hamira ikikosa hewa ya kuikandamiza hutanuka zaidi, kwa hiyo donge huumuka haraka. Mbona basi mama anayekanda kwa mkono na kuoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, hapati shida hii? Kwa maoni yangu ni baridi. Jikoni Nyeri mwezi wa Julai hamira hulala, na baridi hufidia yale yaliyoharakishwa na mwinuko. Tena yeye hutazama donge, si saa.

Mashine hufanya kinyume. Waya wake wa joto huiondoa baridi, basi mwinuko unabaki peke yake bila mpinzani. Nayo hutazama saa tu. Programu inasema umua kwa dakika kadhaa, halafu oka. Donge likifika kileleni mapema litangoja, litalegea, litabonyea. Tanaka alichukua mikono ya yule mwokaji, ila macho yake yalibaki hotelini.

Dawa ipo. Punguza hamira kwa robo hivi, usipunguze chumvi maana ndiyo breki yake, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji kwa sababu unga hukauka upesi huku juu. Au tumia mashine kwa kukanda tu, kisha uumue na kuoka mwenyewe. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoipendelea.

Na stima je? Mashine iliyotumwa na shangazi kutoka Marekani ni ya volti 120, yetu ni 240, kwa hiyo bila transfoma itaungua siku ya kwanza. Umeme ukipotea, baadhi ya mashine hukumbuka hatua zilipofikia kwa dakika 10 hivi, nyingine hazikumbuki kabisa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipokaa gizani kwa saa nyingi, kumbukumbu ya dakika 10 isingemsaidia mtu. Weka sufuria na makaa karibu.